Redio ya Accra na Wumpini Wangu

Jumatatu, 3 Novemba
Redio ya Accra imeongelea mpira wa wasichana saa nzima. Accra, Kumasi, Accra tena. Hata beki wao aliyepoteza kiatu kapewa habari yake! Mjukuu wangu Wumpini jana kafunga mabao matatu hapa kwetu kaskazini, Tamale. Kimya! Na kocha wa taifa anachagua wachezaji wiki ijayo. Atamwota? Kesho napiga simu. Sikwenda shule, lakini mdomo sikuazima.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata laini! Mtangazaji akaniambia niseme haraka. Haraka bila salamu? Mimi si mbuzi. Nimemuuliza kaamkaje, mkewe, watoto, nyumba, kazi, joto. Nilipofika kwa shangazi zake, akakata. Jina la Wumpini limebaki kooni! Jirani yangu Azara kacheka mpaka kakaa chini. Eti, “Mwenzangu, umeisalimia Accra nzima, mjukuu umemwacha nyumbani!” Mshenzi huyu. Nimempa uji, kacheka tena.

Alhamisi, 6 Novemba
Mtangazaji huyo anakuja! Jumamosi Accra wanacheza hapa na timu ya Wumpini. Nitampelekea kanga wawili hai, wale wa madoadoa. Azara anasema ni rushwa. Rushwa gani? Mgeni wa kwetu hula kanga. Akishashiba, atataja jina.

Jumamosi, 8 Novemba
Kamba imekatika! Kanga wote wawili uwanjani, mechi inaendelea! Kipa wa Accra kapanda mlingoti wa goli. Mtangazaji kasahau mpira, anatangaza kanga nchi nzima: kanga wa kulia anapita, kanga anapinda! Wumpini kamnasa mmoja kwapani, wa pili kamshika mguu, bila kupunguza mbio. Mtangazaji akapiga kelele, nani huyo binti? Nikakivamia kipaza sauti: “Wumpini! Wa Tamale! Wangu!” Walinzi wamenitoa nje kwa adabu. Nimewabusu wote.

Jumatatu, 10 Novemba
Kocha kamwita Wumpini! Mtaa mzima vigelegele, sauti sina. Na redio yetu ya hapa imenipa dakika kumi nitangaze mpira wa wasichana wa kaskazini yote. Nimeanza na Wumpini, katikati Wumpini, mwisho nikamrudia Wumpini.
Azara kaja mbio, anafoka. Eti timu ya kwao Yendi, huku huku kaskazini, imeshinda manne bila, mbona sikuitaja? Nikamuuliza, kumbe Yendi nako kuna uwanja?
Kaondoka bila uji. Jamani, watu wengine wana upendeleo! Kila kitu Yendi, Yendi tu.