Kaburi la Baba Mdogo Okwera

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mkutano wa wakazi, uwanja wa kanisa. Kampuni inataka kujenga maghorofa juu ya mteremko, nyuma ya nyumba yangu kabisa. Hata sasa, bila maghorofa, mvua ya hapa Makindye, Kampala, inaingia hadi chini ya kochi. Wakimwaga saruji yao huko juu, maji yatatuhamisha, mimi na mke wangu Ayot na kochi lenyewe. Nikanyoosha mkono niseme. Mwenyekiti wetu Kasereka, muuza vitenge kutoka Kongo, mwenye koti la vifungo vya dhahabu, akaniwahi. Akapendekeza kampuni ichimbe mtaro kwanza, ndipo ijenge. Makofi! Wazo lilikuwa langu. Yaani, lingekuwa langu kama ningelifikiria. Nikapinga mtaro.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Mhandisi wa kampuni, Bi Nangila, alisema jana kwamba penye kaburi hawagusi mpaka ndugu wa marehemu wakubali. Ndugu yupo, ni mimi. Aliyekosekana ni marehemu tu.

Nikamkumbuka baba mdogo Okwera. Aliingia jeshini angali kijana, akaletwa kambi ya hapa Makindye, hakuonekana tena. Jina lake limekaa bure miaka yote hii. Ayot alipokwenda sokoni nikapandisha mteremkoni matofali yaliyobaki tulipobomoa choo cha zamani, na saruji kidogo. Kichaka kilinificha. Msalaba wa chuma nimeuchukua kwa mafundi wa Katwe. Fundi aliyeniuzia akanipa pole, akauliza nani amefariki. Nikamwambia ni mambo ya zamani. Kaburi limetoka zuri, limepinda kidogo tu. Nimelipaka matope lionekane la siku nyingi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetangaza. Marehemu baba, nikawaambia, alinionyesha mahali hapa na kuniusia nisimwambie mtu. Bi Nangila akavua kofia yake ya kazi, kisha akaamuru vigingi vyao vya kupimia ving'olewe. Ushindi!

Kasereka kaleta sukari na unga wa mahindi, posho ya matanga. Kauliza, kwa adabu, mbona kaburi la zamani lina saruji mbichi. Nikasema nimelikarabati. Akasema pole sana, afande Olal. Nimestaafu upolisi lakini bado ananiita afande, na hasira yake, kama anayo, hanionyeshi hata kidogo. Mtu huyu ananichosha.

Ayot amelia machozi ya kweli. Ameumia kwamba nilimficha jambo zito namna hii. Kisha akapiga picha kaburi na kuituma kwenye WhatsApp ya ukoo. Hilo sikulipangia.

Ijumaa, 7 Machi

Simu tangu alfajiri. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Kiacholi analijua: mtu wetu haachwi Kampala. Anarudishwa kwetu Kitgum, anazikwa kwao uani. Ukoo umekaa kikao, wanakuja kumchukua. Nikawaambia marehemu amepumzika kwa amani. Wakajibu kwamba hawezi kuwa amepumzika kwa amani, yuko Makindye.

Anayewaongoza ni shangazi Abwola, aliyemfuata Okwera kuzaliwa. Wakati napokea simu alikuwa tayari ndani ya basi.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi amefika na wazee wawili. Mkononi ana shuka jeupe, jipya, la kufungia mifupa ya kaka yake. Chai hakuitaka. Alipanda mteremko kwa fimbo, akaketi chini kando ya matofali yangu, akaanza kumpa habari. Nani amefariki, nani ameolewa, ng'ombe walikwenda wapi. Akamwambia kwamba mama yao alimwekea sahani yake ya chakula mpaka siku aliyokufa.

Nilisimama nyuma yake na mwavuli. Nilitaka kusema. Nilichosema ni kwamba mvua inakuja. Nimeona aibu, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kesho wanachimba.

Jumapili, 9 Machi

Wamechimba. Majembe ya Kasereka, vijana wa mtaa. Udongo, udongo, halafu jiwe. Nikashauri wajaribu kushoto. Wakajaribu. Nikashauri kulia. Ndipo Ayot akaokota tofali moja, akaligeuza. Rangi ya kijani ya choo chetu ilikuwa bado ipo. Akanitazama. Nikasema yote.

Hakuna aliyenipiga. Ningeshukuru kama wangenipiga. Shangazi alilikunja shuka lake polepole, akalirudisha kwenye mfuko.

"Mwanangu," akaniambia, "nilikuwa nimeshamlilia nikamaliza. Sasa umenianzisha upya."

Kisha akaomba apelekwe kwenye basi. Wazee wamesema shimo lililochimbiwa mtu asiyekuwepo haliachwi hivyo hivyo, lazima achinjwe mbuzi, na mbuzi atoke kwangu. Ametoka.

Jumatano, 12 Machi

Mkutano tena. Mtaro umepitishwa, Bi Nangila ameweka sahihi. Utaanzia penye lile shimo, maana kazi imeshaanzwa. Maji yatapita mbali na kochi langu. Nikasimama kuwakumbusha nani aliyesababisha shimo. Kasereka akanishukuru kwa mchango wangu, bila kutabasamu. Halafu bibi mmoja akapendekeza uitwe Mtaro wa Kasereka, na mikono yote ikanyooka. Hata wa Ayot.

Mtaro wa Kasereka! Nyuma ya nyumba yangu! Haiwezekani, lazima usimamishwe. Nimekaa nikalichunguza kosa langu vizuri, na ni moja tu: nilichagua mtu mwenye dada. Jioni nimemuuliza Ayot, kwa upole, kama babu yake mzaa mama alikuwa na ndugu yeyote aliyepotea na ambaye hakuna anayemkumbuka. Alikwenda stoo, akauchukua mwiko wangu wa kujengea, na sasa amelala nao chini ya mto.

Si neno. Yule fundi wa Katwe anauza miiko pia.