Ruwaza Moja kwa Wakunga Wote

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimevumbua kitu. Ama tuseme nimekisoma mahali, kisha nikakivumbua. Kinaitwa ruwaza. Tatizo ukishalitatua mara moja, suluhisho lake unalitumia kila mahali, kama fundi cherehani anavyokata magauni yote kwa karatasi moja. Siraje, mwalimu wa kompyuta asiye na kompyuta inayowaka bila kupigwa kofi, saa yako imefika!

Chuo chetu cha wakunga hapa Nabuyonga, Mbale, na mwenzake wa Jinja vinataka rekodi za wanafunzi ziandikwe kwa namna moja, ili mkunga akihama mji, kazi alizofanya wodini zimfuate. Atakayebuni kiwango hicho atakuwa mratibu wa data wa vyuo vyote viwili. Ofisi yake itafungwa feni. Mpinzani ni mmoja tu: Wasike, Mkenya, mtunza rekodi wa Jinja. Mtu mpole, hana maneno. Simwamini hata kidogo.

Jumanne, 15 Julai

Ruwaza tayari! Nani, alifanya nini, mbele ya nani, ikawaje. Kuzalisha, kufunga kidonda, kupima presha: yote yanaingia. Nimeijaribu hata kwa mpishi wetu. Wanzala, alipika maharage, mbele ya chuo kizima, yakaungua. Imekubali bila shida. Nikajipigia makofi.

Ikabaki namna ya kumtambua mtu. Wasike alipiga simu kupendekeza kila mwanafunzi apewe namba yake. Nikamwambia namba ni za wafungwa. Kwangu mtu atatambuliwa kwa tarehe ya kuzaliwa, kijiji na jina la mama. Nani mwingine azaliwe siku yako, kijijini kwako, na mama yako? Nilicheka peke yangu.

Jioni nimefuta mapambo yote kwenye majina: Hajati, Nalongo, Babirye, Nakato. Ruwaza inataka usafi.

Jumatano, 16 Julai

Nimekamata mwizi!

Nimeunganisha rekodi za Jinja na zetu. Twaibah wa kwetu na Rashida wa Jinja: tarehe moja, wote wa Wanyange, wote mama yao Namukose. Mtu mmoja, vyuo viwili! Mwezi Mei alizalisha mama mmoja Jinja, na asubuhi ile ile akazalisha mwingine Mbale. Nikalinganisha picha. Uso ule ule! Ushahidi juu ya ushahidi. Wasike anafuga mkunga hewa, na kwa ruwaza yangu nimemfichua.

Nimemwandikia Madamu Milly, mkuu wa chuo, nakala kwa kila mwenye anwani. Twaibah nimemzuia. Jina lake haliendi kwenye mtihani wa taifa, na majina yanapelekwa Ijumaa. Asipofanya mtihani, ukunga wake unaishia hapo.

Alikuja ofisini analia, akaanza kueleza kwamba Rashida ni dada yake. Nikamkatiza. Nikamwambia ruwaza imeshasema.

Ijumaa, 18 Julai

Sijui nianzie wapi.

Madamu aliniita asubuhi. Nikavaa tai, nikijua ni habari za feni. Ndani alikuwepo Twaibah. Kando yake Twaibah mwingine. Katikati yao mama mmoja mwenye gomesi, lile gauni la heshima la mabega yaliyochongoka, aliyetoka Wanyange alfajiri. Nyuma yao Wasike, ambaye ndiye aliyewaleta. Kila aliyepita mlangoni aliinama kidogo akamwamkia yule mama: Nalongo. Katibu akamwita Nalongo. Hata Wanzala, na sufuria mkononi, akasema Nalongo.

Madamu akanigeukia.

"Siraje, huyu mama anaitwa Nalongo. Wewe ulidhani walimpatia hiyo jina ya bure? Amezaa mapacha, bwana."

Yule mama hakupaza sauti. Alisema tu kwamba aliwazaa wawili, usiku mmoja, bila taa, na uchungu ulikuwa wa watu wawili. Babirye na Nakato, pacha wa kwanza na wa pili. Majina niliyofuta kwa mkono wangu yalikuwa yakisema hivyo tangu mwanzo. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka nikaivua tai.

Wasike akawapa kila mmoja namba yake, na majina yote mawili yakapelekwa kabla ya muda kwisha. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilimfuata Twaibah uani nikamwomba radhi, kwa maneno marefu, nikataja hata machozi yake ya juzi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniambia yeye ni Rashida, Twaibah yuko kwenye mgahawa.

Uratibu amepewa Wasike. Mchana nimemsaidia kufunga feni.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetafakari vizuri. Madamu amesema nisimtajie tena ruwaza, lakini alikuwa na njaa. Ruwaza haina kosa. Ilipungukiwa na kisanduku kimoja tu.

Nimekiongeza: "Jina la pacha wako." Ni lazima kijazwe. Tena kijazwe na kila mtu, maana ruwaza ni moja kwa wote. Ndiyo uzuri wake. Jumatatu nampelekea Madamu. Wasike atajuta!

Nimeijaribu kwa rekodi yangu mwenyewe. Mimi sina pacha. Kompyuta imegoma kuendelea. Nimeipiga kofi, bado imegoma.

Nikafikiri kidogo, nikaandika Wasike. Imekubali papo hapo.