Mheshimiwa Hakimbii

Kamati ya Anga ya Chini ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba zama za kutembea kwa miguu zimefika ukingoni. Soko huria limetuletea parachuti la injini: kitambaa juu, kiti katikati, feni mgongoni. Mfadhili alilinunua akatupa ili tuwaone tembo wa Mikumi kabla hawajaingia kwenye mpunga wa kijiji chetu, Tindiga. Mimi, Katibu wa Itifaki, nilihakikisha linaanza kwa anayestahili, Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Zabron.

Bi Letisia, ambaye tembo walikwisha kula nusu ya shamba lake, aliuliza kwa nini asiruke Salome aliyesomea kazi hiyo. Nilimfafanulia kwamba kusoma ni kusoma na cheo ni cheo.

"Basi wahini, baba. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo chakula chetu mpaka mwakani."

Tuliwahi. Hotuba zilianza baada ya chakula cha mchana na zikaisha jua linazama.

"Shikamoo, mzee," Salome alimwamkia.

"Marahaba. Nipe mafunzo, kwa kifupi."

"Kabili upepo, mzee. Kimbia mpaka miguu iache ardhi yenyewe. Usikae mapema, na injini usiikoleze kabla kitambaa hakijasimama juu ya kichwa. Wanaoanza wengi huharibu hapo."

"Mimi siyo wa kuanza. Niko kwenye uongozi tangu vijiji vya ujamaa."

Ilibidi niingilie kati. Upepo ulikuwa unatokea upande wa choo, na wageni wamekaa upande wa pili. Kiongozi hawapi wageni mgongo ili akabili choo. Kuhusu kukimbia, kiongozi hakimbii, anayekimbia amefumaniwa. Tuliazimia kwa kauli moja kwamba upepo utazoea.

Mheshimiwa alipiga hatua chache za heshima, akaketi hewani, akafika chini. Kwa kuwa ana haraka ya maendeleo, akakoleza injini mpaka mwisho. Kitambaa kikasukumwa na upepo wa nyuma, kikamfunika yeye na meza kuu pamoja na soda zake. Salome akazikata kamba zisije zikamnyonga.

"Achia mafuta, mzee! Achia!"

Miaka yote hiyo Mheshimiwa hajawahi kuachia alichokishika, na mkono haukujua pa kuanzia. Feni ikamwinua, ikamsukuma, naye, niseme kwa masikitiko, akakimbia. Alikatiza majaruba ya Tindiga akipiga mayowe, suti imejaa matope, wakati ule ule tembo wanatokeza upande wa pili. Walimtazama kidogo. Kisha wakageuka, wakarudi Mikumi mbio bila kusubiri azimio.

Bi Letisia alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kwenye kikao nilipendekeza tuombe kitambaa kipya. Bi Letisia akasimama.

"Cha nini? Hicho kilichopo kashoneeni mapazia ya ofisi. Sisi tuachieni injini na Mheshimiwa."

Nilicheka kiofisi na kupeleka ombi lake mkoani, nikijua litatupwa. Kumbe kule walikuwa wanapunguza wafanyakazi, na walikuwa wanatafuta kiongozi hata mmoja ambaye kazi yake inaonekana kwa macho. Jibu likaja haraka mno: ombi limekubaliwa.

Sasa Mheshimiwa analala kwenye dungu katikati ya mpunga, injini mgongoni, mpaka mavuno. Mpunga wa Bi Letisia umenawiri. Na kwa kuwa itifaki haimruhusu kiongozi kwenda bila mtu wa kumtangulia, tembo wakitokea, mimi hukimbia mbele nikigonga bati.