Swali la Ndoo

Jumatatu, 3 Machi

Nadai hivi, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote: swali jema la upimaji ni lile ambalo kila mtoto aliyefundishwa hulijibu. Swali linaloangusha watoto ni mtego wa panya, na aliyelitunga ni mtegaji, si mwalimu.

Nimelitamka neno hili leo katika Idara ya Upimaji, ambako nimeajiriwa kwa kipindi cha matazamio. Rula akaguna. Rula ni mwenzangu wa meza ya dirishani. Tulihitimu pamoja, na bwana huyu hupigia mstari hata jina lake mwenyewe. Akasema swali linalojibiwa na wote ni sawa na kipimajoto kinachosoma joto lilelile kwa mgonjwa na kwa mzima. Mfano mzuri. Inasikitisha kwamba umetumika kutetea upotofu.

Lakini habari ya siku ni nyingine. Viwango vipya vya mtaala vitaanza kutumika jimbo zima muhula ujao, na darasa la nne ndilo litakalopimwa kwanza. Nimevisoma viwango hivyo jalada hadi jalada. Sijapata kuona waraka wa ofisi wenye adabu kama ule. Katika sehemu ya ujazo kuna maneno haya: mwanafunzi atakadiria, kisha atapima, kisha ataeleza tofauti ikiwa ipo. Nilipoyasoma nilisimama, kwa heshima. Aliyeyaandika anaamini kwamba mtoto ana kichwa. Mtoto wa shule yenye maktaba na mtoto wa shule iliyo mwisho wa barabara ya vumbi wataulizwa jambo moja, kwa heshima moja. Falsafa nzima ya haki imo humo, na haikuhitaji hata tanbihi.

Katika karatasi ya jimbo, ujazo umepewa nafasi ya swali moja tu. Washindani wawili: mimi na Rula. Lake ni picha ya chupa na herufi nne za kuchagua. Langu ni ndoo halisi, maji halisi, jagi la lita moja na mtoto anayefikiri. Yote mawili yatajaribiwa Ijumaa katika shule moja, kisha Mkuu wa Idara atachagua. Swali langu lisipoingia, watoto wa jimbo zima watatazama chupa iliyochorwa na Rula. Siwezi kuliacha jambo hilo litokee.

Jumanne, 4 Machi

Shule ya majaribio imetajwa. Mola hamtupi mja wake! Darasa la nne la pale linafundishwa na mama yangu mdogo, ambaye ninaishi kwake.

Mkuu wa Idara, ambaye kwa siri tunamwita Mizani, akatukumbusha kanuni: mtungaji wa swali haingii katika shule ya majaribio kabla ya jaribio. Alilisema akinitazama mimi. Mkuu wetu ni mama, nami nampenda kwa dhati. Hapandishi sauti, hapotezi neno, na akikushika na kosa hulazimiki hata kuitazama kalenda kujua kwamba siku yako imefika.

Nimeitafakari kanuni yake. Ni kanuni nzuri sana. Mtungaji hataingia. Atakayeingia ni mtoto wa dada yake mwalimu.

Wakati wa chakula nikamweleza mama mdogo kwamba ningependa kuzungumza na darasa lake juu ya viwango vipya. Akaniuliza kama ninaleta mtihani. Nikamjibu kwamba siuleti mtihani, naleta kiwango, na kwamba wanazuoni wametofautisha mambo hayo mawili. Akasema, haya baba, njoo, ila uje kama mgeni, usije kama mganga, maana watoto wake hawaumwi. Akaniongezea mchuzi. Niliuchukua kuwa ridhaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefundisha. Niliwawekea ndoo yenye maji, nikawaomba wakadirie ni majagi mangapi. Lazima nikiri kwamba nilistaajabu. Mmoja aliigonga ndoo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Mwingine aliinyanyua kidogo, akaishusha, akafumba macho. Msichana mmoja wanayemwita Kengele, kwa sababu husikika kabla hajaonekana, alitumbukiza mkono, akatazama maji yalipomfikia, akataja jibu. Kuwatazama kulikuwa raha. Laiti mwandishi wa viwango angekuwepo.

Hata hivyo maelezo yao yalikuwa machanga. "Nilibahatisha." "Ndoo imenidanganya, mwalimu." Maelezo ya namna hiyo yangemfikia msahihishaji yakiwa pekupeku. Kwa hiyo nikayavisha viatu. Nikawapa sentensi moja, tukaiimba kwa pamoja hadi madirisha yakatikisika: "Makadirio yangu yalipishana na kipimo, kwa kuwa jicho la mwanadamu ni shahidi asiyeaminika."

Kengele akauliza, je, mtu akipatia? Nikamwambia kwamba kupatia ni nadra, na msomi hajiandai kwa nadra. Akasema sawa, lakini uso wake haukusema sawa.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. Alisubiri tumalize, akaichukua ndoo. Ni mwanamke mwenye staha.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio limefanyika. Kwa mujibu wa kanuni mimi na Rula tulibaki ofisini, kila mmoja akijifanya anasoma. Rula alichonga penseli moja hadi ikabaki kama jino. Nilimhurumia.

Jioni mama mdogo akasema watoto wote wamelijibu swali la ndoo, hakuna aliyekwama. Sikushangaa. Dai langu la Jumatatu limethibitishwa na darasa zima. Nimejifungia chooni, palipo na kioo, nikajizoeza sura ya unyenyekevu. Bado haijakaa sawa upande wa nyusi.

Jumatatu, 10 Machi

Mizani ameniita. Karatasi zilikuwa mezani kwake zimepangwa. Akaniomba nikae, kisha akaanza kusoma kwa sauti maelezo ya mtoto wa kwanza. Jicho la mwanadamu ni shahidi asiyeaminika. Akasoma ya wa pili. Jicho la mwanadamu. Akasoma ya wa tatu, na hapo nikaanza kuyaona maneno yangu kama mtu anavyoiona suruali yake kwenye kamba ya jirani.

Akauliza kwa upole kama nafahamu watoto wa miaka tisa wanaosema "kwa kuwa". Nikaanza kujibu kwamba ufasaha ni haki ya kila rika. Akanyanyua kidole kimoja tu. Nikairudisha hoja mfukoni. Sijui anajifunza wapi mambo haya.

Halafu akanipa karatasi ya Kengele. Makadirio: majagi manne. Kipimo: majagi manne. Maelezo: makadirio yangu yalipishana na kipimo.

Mtoto alipatia. Alipatia barabara! Kisha akaandika kwamba alikosea, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo ndivyo wasomi huandika.

Mizani akaniambia jambo ambalo nalinakili hapa kama lilivyo. "Swali lako ni zuri, kijana wangu. Ndilo zuri kuliko yote niliyoletewa mwaka huu. Sasa sijui kama watoto wanaweza kulijibu swali, au wanaweza kukujibu wewe." Nimekutana na vitabu vinene visivyo na uzito wa maneno hayo. Majibu yote ya ndoo yamefutwa. Swali litajaribiwa upya Ijumaa katika shule nyingine, na Rula ndiye atakayelisimamia. Likiharibika tena, chupa itapita.

Rula hakucheka. Alinisogezea kiti, akasema pole, swali lile angetamani kulitunga yeye. Ungwana wa aina hii kutoka kwa mshindani unachosha sana.

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi. Mama mdogo alikuwa amepigiwa simu kutoka Idara. Akasema amekuwa akiwafundisha watoto wale kukadiria tangu muhula uanze, kwa vikombe, kwa mapipa, kwa chupa za dawa zilizooshwa. "Walikuwa wanajua, baba. Umekuja kuwafundisha samaki kuogelea, ukawazamisha." Kesho atasimama mbele yao awaambie kwamba kazi yao haihesabiki. Nikamwomba anipe mimi nafasi ya kuwaambia. Akasema, ahsante, wamekusikia vya kutosha.

Alifunika sufuria, akaniambia nijipakulie. Tangu nihamie hapa sijawahi kujipakulia. Nilikula kidogo. Nilimfikiria Kengele.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na akili iliyotulia. Asubuhi nzima nimesoma juu ya uchambuzi wa maswali ya upimaji, na nakubali, kwa uungwana wa msomi, kwamba Rula alikuwa na nusu ya hoja. Swali la majaribio halitakiwi kujibiwa na wote. Linatakiwa kuwatenganisha wanaojua na wasiojua. Wakipata wote, wakubwa hushuku. Laiti ningeelezwa mapema.

Ufumbuzi uko wazi. Katika shule ya pili, nusu ya darasa italazimika kukosa.

Sitatoa sentensi moja tena; hilo lilikuwa kosa la mtindo. Nimeandaa majibu ya aina mbalimbali. Mengine sahihi, mengine yamekosea kwa kiasi, mengine yamekosea vibaya. Machache nimeyachafua tahajia kwa mkono wangu, na niliumia kufanya hivyo. Nimeandaa hata jibu la mtoto anayepatia, kwa ajili ya kina Kengele wa huko. Mwalimu wa darasa hilo ni mke wa kinyozi wangu. Kesho ninakwenda kunyolewa.

Mama mdogo ameniuliza mbona nina furaha. Nikamwambia kwamba nimejifunza. Akalivuta sufuria upande wake wa meza.

Lakini kabla ya Ijumaa kuna hoja ambayo sitakubali izikwe. Kikao cha wafanyakazi wote ni Alhamisi, na nimekwisha kuomba nafasi ya kuzungumza. Mizani namheshimu kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na ndiyo sababu sitaridhika na jibu la kunong'onezwa koridoni. Viwango vyetu vinaahidi kwamba kila mtoto wa jimbo hili atajua. Upimaji wetu unashtuka kila mtoto anapojua. Asimame, mbele ya Rula na mbele ya wote, anijibu hadharani: siku ahadi ile itakapotimia, nani ataitwa ofisini?