Kofia Nyeupe na Simu ya Kanisa

Jumapili, 10 Agosti

Barking, mashariki ya London. Jua kali, nyasi kavu, aibu kubwa. Nimerusha kitambaa changu cha njano kwa madaha yote, kama waamuzi wa futiboli ya Kimarekani kwenye runinga, kumwadhibu mtu aliyemsukuma mwenzake mwenye mpira ili asonge mbele. Uwanja mzima kimya. Raha! Kisha Gervais, mwamuzi mwenzangu, akaja taratibu, mikono nyuma, akaninong'oneza kwamba kosa hilo lilifutwa zamani. Haiko tena mu kitabu, ndugu yangu, akasema. Nikaenda kukiokota kitambaa mbele ya watu wote. Kilikuwa kimeruka mbali pia.

Gervais ni mtu wa Goma, dereva wa basi, na kitabu cha kanuni hutembea nacho ndani ya mfuko wa plastiki kama mkate. Kila swali lina jibu moja: iko mu kitabu. Hana majivuno hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi.

Baada ya mechi Bi Seema alituita. Ndiye mkuu wa waamuzi wa ligi yetu ya ridhaa ya mchezo huo wa Kimarekani, mwalimu mstaafu wa hesabu, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Ilford, na bado hututazama kama tumesahau kuleta kazi ya nyumbani. Refa wetu mkuu ameteguka goti akishuka ngazi za nyumbani kwake. Fainali ni tarehe 24. Waamuzi wote huvaa kofia nyeusi. Refa mkuu peke yake huvaa nyeupe. Ataivaa Gervais au mimi, na atakayeivaa vizuri atabaki nayo msimu ujao.

Naitaka kofia ile. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwingine. Hospitalini kazi yangu ni kusukuma vitanda. Njenga, peleka huyu eksirei. Njenga, mrudishe huyu wodini. Miaka minane, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naonaje. Lakini nikipuliza filimbi, wanaume ishirini na wawili wenye mabega ya makabati husimama na kunitazama mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamua kusoma kitabu cha kanuni. Nimechemsha chai, nimezima runinga, nimekaa kama mtu wa mitihani.

Kurasa zaidi ya mia mbili! Nimeanzia sehemu ya kudaka mpira, kwa kuwa ndiyo inayoleta ugomvi kila wiki. Nani asiyejua kudaka ni nini? Wao hawajui. Kwanza uushike mpira. Halafu mguu uguse chini. Halafu uendelee kuushika, isipokuwa umeanguka, na ukianguka kuna kifungu kingine, na kifungu hicho kina vighairi vinne, na kighairi cha tatu kinakurudisha mwanzo. Aliyeandika haya hajawahi kurushiwa hata chungwa.

Nilifika ukurasa wa nne wa sehemu hiyo. Nimeamka shavu likiwa juu ya meza.

Kitabu sasa kiko chini ya mguu wa kabati langu, ule mfupi. Kimetosha kabisa. Mlango ambao umekuwa ukijifungua wenyewe tangu Pasaka umetulia.

Jumatano, 13 Agosti

Wazo! Limenijia ndani ya lifti ya hospitali, nikiwa na mzee mmoja kitandani. Video ya marudio! Kwenye ligi kubwa, refa hutazama tukio upya kisha hutangaza. Mwenye picha anahitaji kitabu cha nini? Picha haisemi uongo. Nilimwuliza yule mzee. Alikuwa amelala, lakini hakupinga.

Nimempigia Bi Seema. Nimetumia maneno kama haki, teknolojia na wakati tulio nao. Mwishowe amekubali tujaribu kwenye nusu fainali, kwa masharti matatu: kamera moja, dakika moja ya kutazama, isizidi, na uamuzi wa uwanjani ubaki palepale isipokuwa picha ikionyesha kosa bila shaka yoyote. Na kwa kuwa mashine ni wazo langu, kofia nyeupe nitaivaa mimi, hadi fainali. Gervais atanisaidia.

Nimeweka kofia kichwani mbele ya kioo, ile ya kuogea kwanza, kupima tu. Inanifaa.

Jumapili, 17 Agosti

Nusu fainali. Majaribio yamekwenda vizuri, mbali na mambo machache.

Simu yangu nimeifunga kwenye mti. Jambo la kwanza gumu limekuja mapema: mguu wa mchezaji ulikuwa ndani ya mstari au nje? Nimetazama mara ishirini na tatu. Mara ya tano mguu ulikuwa ndani. Mara ya tisa ulikuwa nje. Mara ya kumi na nne sikuwa na hakika kama ni mguu. Dakika moja ya Bi Seema imekuwa dakika kumi na moja. Wachezaji wameketi. Mmoja amekwenda kununua chipsi na akarudi amezimaliza. Kisha chaji ikaisha, nikatangaza kwa sauti nzito kwamba uamuzi unabaki. Watu wamepiga makofi. Nadhani ni kwa ajili yangu.

Gervais, kwa ule upole wake, ameniambia kitu nikivua viatu. Ati picha inaweza kukuonyesha mpira umetikisika. Lakini kama kutikisika huko ni kuanguka au si kuanguka, ndugu yangu, picha haijui. Hiyo iko mu kitabu. Ameniuliza kama ningependa tusome pamoja Alhamisi, mke wake angetupikia. Nimesema Alhamisi nina shughuli.

Sina shughuli yoyote Alhamisi. Wivu tu huo wake.

Jumatano, 20 Agosti

Tatizo ni kifaa. Nahitaji simu kubwa yenye chaji ya kudumu. Nani anayo? Kanisa!

Dada yangu Jedidah ni nesi, na ndiye anayerusha ibada yetu ya Lewisham mubashara kwenye mtandao kila Jumapili, kwa ajili ya wagonjwa, walio zamu, na jamaa waliobaki Kenya. Ana simu ya kanisa, stendi ya miguu mitatu, na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ya mchungaji. Nimemwomba. Ameniuliza kama nina akili timamu. Nimemkumbusha kwamba mama, kule Murang'a, ameshawaambia akina mama wa kanisa lake kuwa mwanawe ni refa mkuu London. Ameguna. Ila Jedidah hana roho ngumu. Nitachukua vifaa baada ya ibada, yeye akienda zamu.

Nimekumbuka jambo jingine tamu. Marefa wakuu wa runingani huvaa maikrofoni! Nitavaa ya mchungaji.

Sijalala vizuri siku tatu. Miguu haitulii. Kazini leo nimempeleka mgonjwa wa mguu kwenye kliniki ya macho.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Nilichukua vifaa saa saba mchana. Jedidah alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, mistari sita, akasema nisome yote kabla ya kugusa kitu. Nikaitia mfukoni. Nimetumia simu maisha yangu yote!

Uwanja ulikuwa na bonde, stendi ikawa inayumba. Lakini mimi ni mtu wa kujipanga. Nilikuwa nimebeba kitabu cha kanuni kutoka chini ya kabati, nikakiweka chini ya mguu mmoja wa stendi. Imara! Nikafungua ile alama kubwa ya kanisa kwenye kioo cha simu, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwanza, nikabonyeza kitufe chekundu. Nyekundu ni kurekodi, kila mtu anajua. Tena ilikuwa na njia ya kurudisha nyuma, kwa wanaochelewa mahubiri. Nikabana maikrofoni kolani na kuwasha. Kofia nyeupe kichwani. Bi Seema akanipa mkono.

Nilichezesha vizuri, naapa! Robo tatu nzima bila lawama. Nilikuwa nikijisemea kidogo kidogo ili kutuliza moyo, kama kawaida yangu.

Sekunde arobaini zimebaki. Nyigu wa Ilford 17, Vifaru wa Lewisham 14. Mpira ukarushwa mbali, na Tevin wa Vifaru, kijana anayelea wazee huko Catford, akajitupa mzima mzima na kuanguka nao ndani ya eneo la mwisho. Niliona kwa macho yangu. Amedaka! Nikainua mikono yote miwili. Alama sita, Vifaru mabingwa! Nikamtazama Gervais. Akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Gervais amekubali?

Kocha wa Nyigu akarusha kitambaa chekundu kudai marudio. Nikaenda kwenye simu, nikajifunika khanga ya Jedidah, aliyofungia vifaa, kuzuia jua, nikarudisha nyuma. Vijimoyo vyekundu vikawa vinapanda kwenye kioo. Maneno pia: Amina. Amina. Bwana asifiwe. Nikadhani ni mapambo ya simu za kanisa. Vilipita juu ya mikono ya Tevin hasa. Kisha jina la Jedidah likajaza kioo kizima, anapiga. Nikakata. Akapiga tena. Nikakata. Mara ya tatu nilipokata, nikauona mpira: umegusa nyasi, umetikisika kidogo kiganjani.

Sasa kutikisika ni nini? Sikujua. Nilikuwa peke yangu chini ya khanga na nikasema ukweli, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Niliyoyasema ni haya: Mungu wangu, mimi sijui kama amedaka. Kitabu sijakisoma. Nikisema amedaka watu watasema ni Gervais aliyeniambia. Nikikataa, itakuwa ni mimi na mashine yangu. Nakataa.

Nikatoka nje, nikapishanisha mikono: hajadaka. Nyigu wakaruka. Tevin akaketi chini na kofia yake ngumu mapajani, machozi yanatoka, hafuti.

Kisha nikasikia sauti ya mtu akisali kwenye majukwaa. Mama mmoja, bado amevaa gauni la ibada, amesimama ameinua simu yake juu. Sauti yangu! Mungu wangu, mimi sijui kama amedaka. Kitabu sijakisoma. Kila kitu, sekunde kumi nyuma yangu. Nikakimbia kuelekea kwake nikisema azime, azime. Sekunde kumi baadaye simu yake nayo ikasema azime, azime.

Ilikuwa mubashara tangu mpira wa kwanza. Watu mia tatu na kumi na wawili. Wodi nzima ya Jedidah. Mama na akina mama wake wote Murang'a, waliofikiri ni mkesha wa maombi.

Ile karatasi nimeisoma sasa hivi. Mstari wa kwanza: usiguse alama ya kanisa. Wa pili: usivae maikrofoni.

Jumatatu, 25 Agosti

Mapumziko ya kitaifa. Mimi sikupumzika. Bi Seema alifika mwenyewe kutoka Ilford, akakataa chai. Akasema Bwana Njenga, kutojua si dhambi, watoto wangu wote wa darasani hawakujua kitu. Lakini ulipewa kitabu. Akaichukua kofia nyeupe mezani. Atampa Gervais. Matokeo hayabadiliki, mechi ikiisha imeisha.

Mama alipiga. Hakunikemea. Aliuliza tu kama yule kijana aliyelia amepata mtu wa kumbembeleza.

Jedidah hapigi.

Jumanne, 26 Agosti

Gervais amepiga! Nilidhani ni kunicheka. Hapana. Amesema ametazama ile video mara moja tu na imemuuma kwa ajili yangu, kwa sababu uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa sahihi. Mkono wa Tevin ulikuwa chini ya mpira. Mpira kugusa nyasi na kutikisika si kuanguka ikiwa mkono uko chini yake. Ulikuwa umeona vizuri, ndugu yangu, akasema, ungeacha tu. Iko mu kitabu. Sehemu ya kudaka, ukurasa wa tano.

Ukurasa wa tano! Mimi nililala kwenye wa nne.

Nilikaa kitandani muda mrefu nikimfikiria Tevin na kofia yake mapajani. Nilimnyang'anya ubingwa niliouona kwa macho yangu mwenyewe. Roho iliniuma kweli. Nilisimama niende nikausome ukurasa huo, leo hii hii, kwa ajili yake.

Kitabu kimerudi chini ya kabati, bado kina matope ya uwanja. Nilipokivuta kidogo, mlango ulifunguka na mashati yote yakaanguka. Nikakirudisha.

Na hapo ndipo nikaelewa. Niliona vizuri! Nilikuwa sahihi bila kusoma hata neno! Kasoro ilikuwa kamera, moja tu, tena upande mbaya. Nimemwandikia Bi Seema barua ndefu, na nakala kwa Tevin ili afarijike. Msimu ujao tuwe na kamera nne, moja kila pembe. Zisiyumbe hata kidogo. Nimeomba pia vitabu vya kanuni vipya vitatu, vya kuwekwa chini ya stendi, kwa kuwa cha nne ninacho.