Sala Iliyokosa Amina

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika nikiwa nimefumba macho, kuku wa watu akiwa mbele yangu, jina la Bwana likiwa bado mdomoni.

Nawaandikia kutoka saiba, duka la intaneti, hapa Kitale kabla sijaenda nyumbani Kachibora. Nina haraka kwa sababu Njoroge alikuwepo, na nyinyi mliosoma naye darasa la Biblia mnamjua. Njoroge akisimulia kisa, hukinenepesha. Heri mkipate kwangu kikiwa bado chembamba.

Mnajua kwamba tangu Mama Wambui alipolala katika Bwana mwaka jana, mimi ndiye nisiyelala. Silalamiki. Mungu alinipa mke mwema kwa miaka mingi, nami nashukuru. Lakini usiku umekuwa mrefu. Siku zote za ndoa yetu, taa ikishazimwa, aliniuliza swali moja: "Baba Wambui, umefunga mlango wa kuku?" Nami nilimjibu: "Nimefunga, mama. Lala." Basi, sote tunalala. (Mzee wa kanisa anaulizwa habari za kuku kila usiku!) Siku hizi nazima taa, nanyamaza, nasubiri. Kuku wamefungwa vizuri, na hakuna anayetaka kujua.

Wambui, binti yetu aliye Amerika, aliposikia kwamba silali, akanitumia kichupa kwa mkono wa jirani aliyekuja likizo. Kilifika jana. Akanipigia simu. "Baba, hiyo inaitwa melatonini. Usiogope, si dawa kali. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza giza likiingia. Wewe unauongezea tu." Kisha simu ikakatika.

Nikavaa miwani, nikasoma kichupa. Kiingereza changu kinatosha. Kimeandikwa kwamba ni nyongeza ya chakula. Nikajiambia, kama ni nyongeza ya chakula, basi itafuata chakula. (Maandishi mengine yalikuwa madogo, nikayaachia vijana.) Na ni nani asiyejua kumeza dawa? Tangu nije Trans-Nzoia, kila bahasha niliyopewa dukani, iwe ya malaria au ya mgongo, imeandikwa mbili mara tatu. Asubuhi, mchana na jioni, baada ya kula, na dozi usikatize.

Leo asubuhi nikanywa chai kwa viazi vitamu, nikameza mbili, nikamshukuru Mungu.

Sasa, leo haikuwa siku ya kawaida. Kariuki, kitinda mimba wangu, anataka kumwoa Nekesa wa Myanga, kule Bungoma. Mara ya kwanza tulipotuma watu, baba yake msichana, Mzee Barasa, aliwarudisha kwa heshima: hajatujua vya kutosha. Leo ilikuwa nafasi ya pili. Ya tatu ingetoka wapi, sijui. Kariuki amekonda. Ni mimi na yeye tu tuliobaki katika nyumba ile, na anapika vibaya.

"Baba," akaniambia njiani, "leo kazi yako ni kuomba tu. Mzee Njoroge ndiye ataongea."

"Kuomba naweza."

"Na usiombe mrefu."

"Kariuki, mimi huomba ninavyoongozwa."

"Baba, tafadhali."

Bungoma mjini tukasimama kunywa chai na mandazi. Nikatoa kichupa.

"Hiyo ni ya nini?" Njoroge akauliza.

"Ya usingizi."

"Na unameza mchana?"

"Njoroge, dozi ni dozi."

Akaitikia kwa kichwa, akaona nimesema kweli. (Mtu aliyehubiri miaka yote hiyo! Alikubali!) Nikameza mbili nyingine.

Tulipofika Myanga, niliona miguu yangu iko mbali kidogo na mimi. Nikadhani ni safari.

Mzee Barasa akatupokea vizuri. Sebule safi, makochi yenye vitambaa vya kufumwa, laini kama mkate.

"Karibuni! Ati mmeshafika? Nyinyi Wakikuyu mko na haraka bana. Hata kuomba mnaomba kama gari linawaacha."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kariuki hakucheka, kwa sababu Barasa aliongeza: "Sisi hapa hatuharakishwi. Si kwa chakula, si kwa binti."

Chakula kikaletwa. Ugali mkubwa, kuku mzima, na juu yake firigisi, ambayo katika boma lile ni ya mgeni wa heshima. Ikaelekezwa kwangu. Mama yake Barasa, ambaye wote wanamwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa ameketi karibu na mlango.

"Mzee, tuombee," akasema Barasa. "Wala usisimame. Kaa tu, umechoka na safari."

(Hapo ndipo. Angeniacha nisimame, ningekuwa mtu wa heshima mpaka sasa.)

Tukashikana mikono, tukainamisha vichwa. Kwao na kwetu, jambo hili ni moja: mpaka Amina isikike, hakuna anayefumbua macho, hata paa likianguka. Nikaanza. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa safari, kwa nyumba hii, kwa mikono iliyopika..."

Nakumbuka mikono iliyopika. Baada ya hapo sikumbuki.

Yaliyofuata nimeambiwa. Walingoja. Njoroge alidhani Roho amenishukia. Barasa alidhani namjibu kwa ule utani wake wa haraka. Kariuki alidhani nimekufa, na bado hakufumbua macho! Ugali ukapoa. Paka akaingia, akapanda meza, akachagua, akashuka na firigisi yangu.

Lakini mimi, ndugu zangu, nilikuwa nyumbani. Taa ilikuwa imezimwa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na blanketi lilikuwa na joto upande wake. Na akaniuliza. Aliniuliza! "Baba Wambui, umefunga mlango wa kuku?"

Nikajibu kwa sauti yangu yote, katikati ya sebule ya Mzee Barasa: "Nimefunga, mama! Lala!"

"Amina!" wakaitikia wote.

Wakafumbua macho. Wakaniona. Mdomo wazi, mate kwenye kitambaa kilichofumwa, nakoroma. Na mkono wa Mzee Barasa nimeuvuta kifuani, naupapasa polepole.

Njoroge akanidunga mbavu. Nikaamka.

"Mzee," akasema Barasa, akiuangalia mkono wake, "umefunga kuku gani? Huyu si amepikwa?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko.

"Na firigisi iko wapi?"

"Paka amebeba," akasema Kukhu. "Mimi nilimwona."

"Mama! Si ungesema!"

"Mzee alikuwa anaongea na Mungu. Nimkatize kwa sababu ya paka?"

"Kwani wewe ulikuwa umefungua macho?"

"Mimi nimezeeka. Mungu amenizoea."

Walicheka tena. Kariuki alikuwa anaangalia sakafu. Niliona ndoa ya mwanangu ikitoka mlangoni, ikifuata njia ya paka.

Kukhu hakuwa anacheka. Akaniuliza, "Huyo mama uliyemwambia alale ni nani?"

Ningeweza kusema yalikuwa maono. Nimesikia wengine wakisema hivyo kwa usingizi mdogo kuliko ule. Lakini nikawaambia yote: kichupa, chai, dozi, na lile swali la kila usiku.

Kukhu akanisogelea.

"Na bado anakuuliza?"

"Tangu aende, leo ndiyo mara ya kwanza."

Kukhu akageukia mwanawe, wakaongea kwa Kibukusu. Barasa alisikiliza akizungusha kijiko. Mwishowe akasema, "Mama anasema hana lingine la kuuliza kuhusu hiyo nyumba." Akakohoa. "Na mimi nasema hivi: Wakikuyu nimeona wengi, lakini asiye na haraka, nimemwona leo. Chakula kipashwe moto. Tukishakula tutaongea. Na sasa ataomba mtu mwingine!"

Mazungumzo yenyewe siwezi kuwasimulia, kwa maana niliyalala. Barasa mwenyewe alinifunika shuka. Kariuki ananiambia tumekubaliwa, na siku ya kurudi imepangwa. Bwana asifiwe, ambaye hasinzii wala halali. (Mimi nilimsaidia kwa upande huo mwingine.)

Tulipofika Kitale nikambipu Wambui, akapiga.

"Baba! Ni moja! Usiku! Ukienda kulala!"

"Sasa si ungesema?"

"Simu ilikatika!"

Alicheka mpaka nikasikia amelia. Kisha akauliza polepole, "Mum alisema nini kingine?"

"Hakuna kingine. Kuku tu."

Hakukata simu, nami sikukata. Hata hiyo nashukuru.

Sasa hivi, nikiandika, Kariuki amekuja kunionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ni Nekesa: "Muulize Baba kama amefunga mlango wa kuku."

Nimeusoma mara kadhaa. Miwani ikaleta ukungu kidogo. Nimemwambia Kariuki amjibu kwamba bado niko njiani, lakini nikifika tu, nafunga.

Nawaomba msicheke. Na asiyeweza kujizuia, afumbe macho, acheke kimyakimya, na asifumbue mpaka niseme Amina. Leo kichupa ni baada ya kufunga kuku.