Mitambo Miwili, Yote Mikuu

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mzee Niyonzima wa Rooty Hill, wachungaji mlioingia na mnaoendelea kutafuta link, akina mama wa kwaya, vijana wa warehouse mlio break, shemeji yangu Anésie, ambaye lockdown imenikuta nyumbani kwake hapa Cabramatta, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu anakaanga vitunguu bila kuzima mikrofoni.)

Mimi, Gratien Katembo, Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakongo na Warundi huku ughaibuni kwa awamu ya tatu mfululizo kwa kuwa Covid imezuia uchaguzi, nina heshima kubwa ya kuzindua rasmi, kupitia Zoom, mradi wa kimkakati wa mitambo miwili ya kuongoza mtandao wa jumuiya, mmoja mtaa wa Bankstown na mwingine mtaa wa Rooty Hill, kila mmoja ukihifadhi majina ya wanachama wote na kumpa mwenzake nakala ya kila badiliko, ili hata mmoja ukizima, mwingine uwatambue na kuwafungulia intaneti papo hapo. (Makofi.) Na kazi hii haifanywi kwa kubofyabofya vipicha, inafanywa kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, na katika kuamrisha, kwa unyenyekevu wote, nina experience. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane.

(Mlio wa ujumbe kwenye simu. Sauti ya kike chumbani: "Shemeji, bibi harusi ameshaingia kanisani.")

Asante, shemeji, nalifikia hilo. Sote tunajua binti wa Anésie, Ketsia, anaolewa leo kule nyumbani Uvira, na jumuiya ilimwahidi mama huyu kwamba ataiona harusi kupitia mtandao wetu. Msimamo wetu haujabadilika. Changamoto iliyobaki ni ndogo tu: amri ya kwanza inataka kujua mtambo upi ni mkuu na upi unanakili. Sisi Wakongo tulipendekeza Bankstown uwe mkuu, ndugu zetu Warundi wakauliza kwa nini wao wawe nakala. (Mzee Niyonzima: "Na bado tunauliza.") Baada ya mikutano kumi na moja ya stakeholders, tumekubaliana kwa kauli moja kwamba yote miwili iwe mikuu, na kila mmoja uwe na makamu wake, jumla minne. (Vicheko. Watu watatu wanatoka.)

(Mlio mwingine wa ujumbe. "Shemeji, wanavishana pete.")

Namalizia. Namshukuru Mzee Niyonzima kwa kutupa nafasi juu ya friji yake, mtambo utakapokaa. Namshukuru fundi atakayeandika amri, siku tutakapompata. Na wauzaji, ambao tutawapigia simu tukishajua tunanunua mingapi. Zaidi ya wote namshukuru shemeji Anésie kwa kuniazima simu hii, pamoja na data aliyojiwekea aione harusi endapo mradi utachelewa, kwani bila yeye uzinduzi huu usingewafikia. Mtandao mmoja, jumuiya moja. Hakuna mwanachama atakaye—

(Data imekwisha. Picha imeganda: Mwenyekiti kidole juu, na nyuma yake Anésie, amevaa kitenge cha harusi, amenyoosha mkono kuifikia simu.)